Kuiuzia serikali vifaa vya ofisi Dar: mzigo unatoka dukani lini, na pesa inaingia lini?

RimuNaKalamu

Habari za humu wakuu. Naomba ufafanuzi kutoka kwa walioko vitengo vya ununuzi na uhasibu serikalini, pamoja na wazabuni waliokwishazoea.

Biashara ni duka la vifaa vya ofisi, Kariakoo. Jina la biashara limesajiliwa BRELA, TIN ipo, leseni ipo, mashine ya EFD (ya kutoa risiti za TRA) ipo. VAT hatujasajiliwa. Ofisi moja ya serikali hapa Dar imeomba profoma (orodha ya bei kabla ya kuuza) ya rimu 400 za A4 na katriji 20 za wino wa printa. Tumewapa: rimu Sh 12,500, katriji Sh 250,000, jumla Sh 10,000,000. Sasa afisa aliyeomba anasema tupeleke mzigo wiki hii kwa sababu kazi zimesimama, LPO (hati rasmi ya kuagiza mzigo) itafuata.

Ninayoomba kujua ni haya. Profoma ikishakubaliwa, hiyo ni tenda tayari au bado? Ndani ya ofisi kuna hatua gani mpaka LPO itoke? Mzigo ukifika stoo nani anaupokea na anakagua nini? Na hiyo milioni 10, mkononi inaingia shilingi ngapi na baada ya muda gani?

---

Mgavi_Temeke

Mkuu, naanza na la mzigo kwa sababu ndilo la haraka: usitoe hata rimu moja dukani kabla ya kushika LPO. Nitakueleza kwa nini, maana wengi wanaambiwa "usipeleke" bila sababu, mwisho wanapeleka.

Anayekuomba mzigo ni mtu wa idara tumizi, yaani idara inayohitaji karatasi. Huyo hana mamlaka ya kununua chochote. Kazi yake ni kuandika hitaji: kitu gani, kiasi gani, vigezo gani, na kifungu kipi cha bajeti kitalipia. Hitaji linakwenda Kitengo cha Usimamizi wa Ununuzi. Kitengo kinaangalia kama kitu hicho kimo kwenye Mpango wa Ununuzi wa mwaka, kinapendekeza njia ya kununua na kuendesha mchakato. Anayetoa idhini ya kuingia mkataba ni Afisa Masuuli, ambaye wizarani ni Katibu Mkuu, kwenye wakala ni Mtendaji Mkuu, kwenye halmashauri ni Mkurugenzi. Kwa ununuzi mkubwa kuna Bodi ya Zabuni inayoidhinisha nyaraka za zabuni na mapendekezo ya tuzo. Kwa hiyo sauti ya afisa mmoja kwenye simu, hata awe mwema kiasi gani, haiifungi ofisi.

LPO ni zaidi ya karatasi ya kukuomba ulete mzigo. Inapoandaliwa kwenye mfumo wa malipo, kiasi cha fedha kinafungiwa kwenye kifungu husika ili kisitumike kwa jambo jingine. Fungu likiwa limekauka, LPO haitoki. Sasa fikiria umepeleka mzigo Jumanne, Ijumaa wanakwenda kutengeneza LPO wanakuta kifungu cha shajara (vifaa vya kuandikia) kimeliwa na ukarabati wa samani. Karatasi zimeshatumika, deni lako halimo kwenye vitabu, na mhasibu hana pa kuanzia. Hata wakitaka kukusaidia baadaye kwa kutengeneza LPO yenye tarehe ya baada ya mzigo kufika, mkaguzi akiona dilivari (hati ya kukabidhi mzigo) ina tarehe iliyotangulia LPO anaandika hoja ya ukaguzi. Ofisi ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu huziona hizo mapema sana, na kuanzia hapo kila anayeguswa na faili lako anaogopa kuweka sahihi.

Kuhusu profoma: hapana, si tenda. Profoma uliyopeleka kwa mkono au kwa barua pepe inawasaidia kujua bei ya soko ili wapange makadirio. Haikupi haki yoyote. Ununuzi wenyewe unatakiwa upite NeST, mfumo wa mtandaoni wa ununuzi wa umma ulioanza mwaka 2023 ukachukua nafasi ya TANePS, na Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya 2023 imeukazia. Kama hujasajiliwa NeST, swali la kwanza la kumuuliza huyo afisa ni hili: LPO ya mzabuni asiyemo kwenye mfumo mtaitoaje?

---

MzeeWaTenda

Mgavi anasema kwa kitabu. Mtaani ukikataa kupeleka, anakwenda duka la pili na mteja umempoteza. Wapo wanaopeleka na wanalipwa.

---

Mgavi_Temeke

Mzee wangu, shikamoo. Ni kweli wapo wanaolipwa. Lakini angalia wanalipwa na nini: mara nyingi ni kwa sababu fungu lilikuwepo na LPO ilikuwa tayari kwenye hatua za mwisho. Muuzaji hakujua hilo, alibahatisha. Anayebahatisha na milioni 10 za mtaji wa duka la Kariakoo, ikigoma mara moja anafunga duka.

Halafu dharura halisi ina njia zake. Ofisi ikikosa karatasi za wiki hii inaweza kuchukua masurufu (fedha taslimu za matumizi ya ofisi), ikanunua rimu 10 au 20 taslimu, ikapewa risiti ya EFD, na mambo yakaendelea huku mchakato wa rimu 400 ukienda kwa utaratibu. Manunuzi madogo yana kikomo chake kwenye kanuni. Kisichoruhusiwa ni kuuvunja ununuzi mmoja wa milioni 10 vipande vipande ili kila kipande kipite chini ya kikomo. Ukiona unaombwa profoma nne za tarehe tofauti kwa kitu kile kile, ujue ndicho kinachofanyika, na jina la duka lako ndilo litakalosomwa kwenye ripoti.

---

Katriji_na_Mafaili

Nazungumzia upande wa NeST maana hapo ndipo maduka madogo yanapokwama kabla hata ya kushindana.

Usajili unafanyika mtandaoni, na taarifa zako zinasomana na TRA na BRELA. Jina lililoko kwenye TIN, BRELA, leseni na akaunti ya benki liwe moja herufi kwa herufi. "Rimu General Supplies" na "Rimu General Supply" kwa mashine ni watu wawili. Rekebisha hilo kwanza, kwa sababu litakusumbua kwenye usajili, litakusumbua tena siku ya malipo pesa ikirudi kwa jina kutolingana.

Kisha kuna kuchagua mkondo wa biashara. Hapa watu wanakosea sana. Unachagua aina za bidhaa unazouza, na mwaliko wa zabuni unatolewa kwa mkondo maalumu. Ukijisajili kwa vifaa vya kompyuta ukasahau vifaa vya kuandikia, zabuni ya karatasi itatangazwa na wewe huna sifa ya kuiomba. Na mkondo uendane na leseni: leseni ya kuuza vyakula haiwezi kubeba zabuni ya wino.

Malipo yoyote halali ya ndani ya mfumo yanatoka na namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali (control number). Anayekuambia umtumie kwenye namba yake ya simu ili "akuharakishie usajili" ni tapeli.

Mkishasajiliwa, jifunzeni kusoma Mpango wa Ununuzi wa kila taasisi. Unaonekana kwenye mfumo, na mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Ukiupitia Julai au Agosti unaona kabisa kwamba ofisi fulani itanunua shajara robo ya pili, kwa njia gani. Unapanga mtaji wako kwa hiyo kalenda, huhitaji kumfahamu mtu.

Jambo jingine: vifaa vinavyotumika na kila ofisi, kama karatasi, wino, matairi, usafi, kwa kawaida vinapita kwenye mikataba maalumu ya Wakala wa Huduma ya Ununuzi Serikalini, GPSA. Wakala anashindanisha wazabuni, wanaopita wanaingia kwenye orodha kwa kipindi cha mkataba na bei zao, halafu ofisi moja moja inaagiza kutoka kwenye orodha hiyo. Kuingia kwenye orodha hakukuhakikishii hata oda moja, hilo lazima lieleweke. Lakini ukiwa nje ya orodha, oda nyingi za shajara zitakupita tu. Fuatilia tangazo lao kila linapotoka.

Na kwa maombi yenyewe, makosa yanayowaangusha watu ni madogo mno ukilinganisha na gharama yake. Hati ya uwakilishi haijathibitishwa na wakili, au imempa mamlaka Asha halafu fomu imesainiwa na Juma. Tamko la dhamana ya zabuni limeachwa bila tarehe. Cheti cha mlipakodi kimeisha muda. Umeulizwa karatasi ya gramu 80 ukajibu "A4 bora kabisa". Kamati ya Tathmini haiwezi kukuuliza ulimaanisha nini kwenye jambo la msingi, inasoma ulichoandika. Hatua ya kwanza wanaangalia kama umeitikia masharti, ya pili ufundi, ya tatu ndiyo bei. Wengi wanalalamika "nilikuwa na bei ndogo kuliko wote" wakati bei yao haikufika hata kusomwa.

Usisubiri saa ya mwisho kuwasilisha. Saa inayohesabika ni ya seva, wala si ya simu yako, na umeme ukikatika mtaani kwenu saa tano na nusu kwa zabuni inayofungwa saa sita, hakuna wa kumlilia. Wasilisha jana yake.

---

StooKeeper_Kurasini

Naongezea upande wa mapokezi, maana LPO ukiipata unaweza kuharibu mwenyewe siku ya kupeleka mzigo.

Kwanza hesabu ya usafiri. Rimu moja ya A4 gramu 80 yenye karatasi 500 ina uzito wa karibu kilo 2.5. Ukitaka kujua kwa nini: karatasi 16 za A4 zinatoka mita moja ya mraba, kwa hiyo karatasi moja ni gramu 5, mara 500 ni kilo 2.5. Katuni ya rimu 5 ni kilo 12.5. Rimu 400 ni katuni 80, yaani tani moja. Kirikuu usiibebeshe hiyo kwa safari moja, katuni za chini zitabonyea na stoo watazikataa zilizobonyea. Safari mbili, au gari kubwa kidogo, na turubai hata kama jua linawaka. Karatasi iliyopata unyevu inajikunja na kukwama kwenye printa.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo tunayoitumia kukagua. Karatasi ya gramu 70 ina kilo 2.2 hivi kwa rimu. Ikiwekwa kwenye kasha lililoandikwa 80, mzani unasema. Tunapima rimu kadhaa kutoka katuni tofauti, za juu na za katikati, na tunafungua mbili tatu kuhesabu karatasi. Kwa hiyo kama muuzaji wako wa jumla Kariakoo amekuuzia kwa bei ya ajabu, pima wewe kabla hatujapima sisi.

Katriji ndiyo yenye kesi nyingi. Jina la printa peke yake halitoshi, angalia namba ya katriji hadi herufi ya mwisho. Herufi moja inatofautisha ya kawaida na ya kurasa nyingi. LPO ikisema halisi ya mtengenezaji, ukileta mbadala inarudi, hata kama mbadala inafanya kazi vizuri. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi, lakiri ya kasha, na namba ya mfululizo (serial). Leta zote 20 za toleo moja. Ukileta 14 za kweli na 6 zilizojazwa upya, kamati inaweza kuukataa mzigo mzima wa katriji, kwa sababu sasa hata zile 14 hatuziamini.

Mimi mtunza stoo peke yangu sitoshi kukupokelea. Afisa Masuuli anateua kamati ya ukaguzi na mapokezi, na ndani yake anatakiwa awepo anayekifahamu kitu chenyewe. Kamati inalinganisha mzigo na LPO, siyo na profoma yako wala na mazungumzo ya simu. Wakiridhika wanasaini taarifa ya ukaguzi, mimi naandika hati ya kupokelea na kuingiza kwenye leja. Piga simu siku moja kabla ili kamati ikusanyike. Saa za kazi ni saa 1:30 asubuhi hadi 9:30 alasiri. Ukitoka Kariakoo saa saba mchana ukakwama foleni ya Mandela, utafika watu wanafunga, na mzigo utalala kwenye gari kwa gharama yako. Usikubali kuuacha "getini kwa mlinzi hadi kesho". Mzigo uliolala getini bila sahihi ya stoo ni wako bado, ukipungua umepungukiwa wewe.

Dilivari iwe nakala tatu au nne. Kila nakala isainiwe, jina liandikwe kwa herufi kubwa, cheo, tarehe na mhuri wa ofisi. Sahihi tupu ya kukwaruza isiyo na jina ni shida miezi mitatu baadaye, mtu akiwa amehamishiwa Dodoma. Kama wamepokea pungufu, mfano katriji 18 kati ya 20, iandikwe 18 pale pale. Usiombe waandike 20 kwa ahadi kwamba mbili utaleta kesho.

---

RimuNaKalamu

Asanteni sana, nimeelewa mengi. Hilo la kupima rimu sikulijua. Kwenye malipo je? Na risiti ya EFD tunatoa lini, tukipeleka mzigo au tukilipwa?

---

Dada_Mhasibu

Nimekuona ndugu. Nakujibu kwa mfano wako wenyewe.

Hujasajiliwa VAT, kwa hiyo ankara yako ni Sh 10,000,000 bila VAT, na usithubutu kuweka mstari wa VAT kwa sababu huna haki ya kuitoza. Taasisi ya serikali inapomlipa mkazi kwa bidhaa inakata kodi ya zuio ya 2%. Milioni 10 mara 2% ni Sh 200,000, benki inaingia Sh 9,800,000. Ingekuwa ni huduma, kama ufundi au ushauri, zuio ni 5%. Hiyo laki mbili si hasara iliyopotea, ni kodi yako ya mapato iliyotangulizwa TRA. Lakini dai cheti cha zuio, ukihifadhi, ukitumie kwenye hesabu za mwisho wa mwaka. Wasiodai vyeti wanalipa kodi hiyo mara mbili na hawajui.

Angalia pia mauzo yako yote ya miezi 12. Yakifika Sh 200,000,000 unatakiwa usajiliwe VAT. Duka linaloingia kwenye oda za serikali linaweza kuvuka hapo bila kujitambua. Ukishasajiliwa, VAT ya ankara uliyotoa inadaiwa kwenye ritani ya mwezi huo, inayowasilishwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, hata kama ofisi haijakulipa senti. Kwa mzigo wa milioni 10 ni Sh 1,800,000 unayoitoa mfukoni. Hilo ndilo linalowaumiza wazabuni wa kati kuliko ushindani wenyewe.

Nyaraka zinazokaa kwenye vocha ya malipo: LPO au mkataba, dilivari iliyosainiwa, taarifa ya kamati ya ukaguzi, hati ya kupokelea ya stoo, ankara yako, na risiti ya EFD. Vyote viseme kitu kimoja. LPO inasema "Karatasi A4 gramu 80, rimu 400", basi ankara isiseme "Photocopy paper katuni 80". Kwako ni kitu kile kile, kwangu ni maelezo mawili tofauti na lazima nikurudishie. Ankara ibebe namba ya LPO, TIN yako, na akaunti ya benki yenye jina lile lile la biashara. Usiweke akaunti binafsi ya mwenye duka kama mkataba ni wa biashara.

Risiti ya EFD: usiitoe siku ya profoma, wala asubuhi gari linapoondoka. Kamati ikikataa katriji 5, utakuwa na risiti ya milioni 10 kwa mzigo wa Sh 8,750,000, na kuirekebisha kwenye mashine ni usumbufu. Itoe mzigo ukishapokelewa na kiasi kimejulikana, uambatanishe na ankara. Iwe na jina na TIN ya taasisi. Risiti isiyo na jina la mnunuzi hairuhusiwi kwenye vocha yangu.

Muda. Mkataba unataja siku za kulipa, soma hapo. Ila fahamu kitu kimoja ambacho wengi hawakijui: LPO inaonyesha kwamba bajeti ipo, haionyeshi kwamba fedha taslimu zipo. Kwa ofisi inayotegemea Hazina, fedha zinaachiwa kwa awamu. Kwa halmashauri inayolipa kwa mapato ya ndani, inategemea makusanyo ya mwezi. Kwa hiyo kabla ya kusaini uliza chanzo cha fedha: ruzuku, mapato ya ndani, au mradi. Ni swali la kawaida kabisa, hakuna atakayekununia.

Weka gharama ya kusubiri kwenye bei yako tangu mwanzo. Kama mtaji uliozamisha ni milioni 8 na benki inakutoza riba ya 2% kwa mwezi, miezi mitatu ni Sh 480,000. Ongeza usafiri. Ukiwa umeweka faida ya laki tano kwenye oda ya milioni 10, umefanya kazi ya bure. Benki kadhaa zinakopesha kwa dhamana ya LPO, lakini zitaiuliza taasisi kama LPO ni ya kweli, na zitataka malipo yapitie akaunti iliyoko kwao. Hilo liandikwe kwenye ankara mapema, si baada ya vocha kusainiwa.

Na Juni, jamani. Mwaka wa fedha unafungwa 30 Juni. LPO ya wiki ya mwisho ya Mei bado inawezekana kama mzigo upo dukani tayari. LPO ya katikati ya Juni kwa kitu unachosubiri kutoka bandarini, fikiria mara mbili. Usipokamilisha nyaraka kabla vitabu havijafungwa, unakuwa deni la mwaka uliopita. Deni hilo linahakikiwa upya, linapangiwa bajeti, na foleni yake ni ndefu.

---

KikundiCha_Mbagala

Swali dogo la pembeni: ile 30% ya makundi maalumu inahusu maduka kama hili?

---

Mgavi_Temeke

Duka la mtu binafsi, hapana. Taasisi zinatakiwa kutenga 30% ya bajeti ya ununuzi ya mwaka kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Ni kikundi kilichosajiliwa, chenye wanachama wa kweli, kinachotambuliwa na taasisi wezeshi na kuingizwa NeST kwa sifa hiyo. Anzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri yako. Zabuni hizo vikundi vinashindana vyenyewe kwa vyenyewe. Ninyi wa Mbagala msikubali duka kubwa liwatumie jina halafu liwaachie posho, maana mkataba ukivurugika atakayefungiwa ni kikundi.

Na kwa mwenye uzi, kabla hujafanya lolote hakikisha hao wanaokuomba ni ofisi kweli. Utapeli wa LPO feki umeshamiri hapa mjini. Dalili zake: wanaomba mzigo mkubwa kwa haraka, mahali pa kushusha ni kwenye "ghala la muda" na si stoo ya ofisi, au wanataka kifaa ambacho huuzi halafu wanakupa namba ya mtu "anayekiuza jumla" umtumie hela. Nenda ofisini mwenyewe, ingia masijala, ulizia mkuu wa kitengo cha ununuzi. Usipige namba iliyoko kwenye barua waliyokuletea. Na kama ni ofisi kweli lakini kuna anayetaka "asilimia kumi" ili LPO itoke, TAKUKURU wanapatikana 113.

Ukishiriki zabuni ukashindwa, soma notisi ya kusudio la kutoa tuzo siku hiyo hiyo inayoingia kwenye akaunti yako. Inasema nani anakusudiwa kupewa, kwa bei gani, na kwa nini wewe hukupita. Kama sababu si ya kweli, una siku chache za kazi za kulalamika kwa Afisa Masuuli, na usiporidhika unakwenda Mamlaka ya Rufani za Zabuni, PPAA. Siku zikipita hata hoja nzuri haisikilizwi. Lalamika kwa kutaja sharti la nyaraka za zabuni na ukurasa wa maombi yako. Barua ya "hatukutendewa haki" isiyo na kifungu haibadilishi kitu.

---

RimuNaKalamu

Nimeshapita ofisini leo, masijala wamethibitisha afisa ni wao na hitaji lipo, ila halijafika kitengo cha ununuzi. Sitaki kumvunjia heshima. Nimwandikieje?

---

Dada_Mhasibu

Mwandikie kwa upole, kwa maandishi, na nakala iende kwa mkuu wa kitengo cha ununuzi. Kitu kama hiki:

"Salaam. Tumepokea ombi la rimu 400 za karatasi A4 gramu 80 na katriji 20. Rimu zipo dukani na bei ya profoma yetu itadumu siku 30 kuanzia leo. Tunakamilisha usajili wetu NeST na tutaitikia mwaliko utakapotolewa. Tutafikisha mzigo stoo ndani ya siku 2 za kazi baada ya kupokea LPO. Ikiwa kuna mahitaji ya wiki hii, tunaweza kuuza kiasi kidogo kwa fedha taslimu za masurufu, na risiti ya EFD itatolewa papo hapo kwa jina na TIN ya ofisi. Tafadhali tujulishe namba kamili ya katriji na kama inahitajika halisi ya mtengenezaji."

Siku 2 uziandike kama katriji unazo mkononi. Kama bado unaagiza, andika 7.